Ukaguzi wa Beseni

Habari zote za kijiwe kile zilizaliwa kwa Redio, na hii nayo haikwenda kuzaliwa kwingine. Redio alikuwa fundi viatu, miaka yote kaketi upande wa kivuli wa karakana ya pancha, na jina alilipata kwa kiredio chake alichokifunga kwa ukanda wa tyubu kwenye mguu wa kiti. Hakikuzimwa hata mwenyewe alipokwenda kujisaidia. Asubuhi hiyo alikuwa na kiatu cha mtu magotini na sindano midomoni. Akaitoa sindano, akasema:

"Mmesikia? Kondomu zina matundu."

"Za nani?" aliuliza Hakimu.

"Zote."

Hakimu hakuwahi kuwa hakimu. Alikuwa karani wa mahakama, amestaafu, na zile hukumu ambazo kazini hawakumruhusu kuzitoa alikuwa akizitoa hapa bure, akiwa amejiegemeza kwenye kiti cha nyuma cha gari ambalo hakuna aliyelikumbuka.

"Chanzo cha habari?"

"Redioni. Msikilizaji kapiga simu."

"Msikilizaji gani?"

"Hakujitaja. Lakini anaongea kisomi. Kila sentensi anaanza na 'kimsingi'."

"Basi huyo ni mtu mkubwa. Na hayo matundu kayaona?"

"Hayaonekani. Ndiyo ubaya wake."

"Hapo pana hoja," alisema Hakimu, akakunja nne. "Tundu likionekana si unaliepuka? Hatari ni lile lisiloonekana."

Kwenye beseni, mikono ya Solusheni ilisimama. Yeye ndiye mwenye karakana, na jina lake lilitokana na ile gundi ya viraka iliyomkaa kucha zote kumi. Alikuwa anazungusha tyubu ya baiskeli ndani ya maji kutafuta inapovuja, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo mapovu yalitoka mbele ya macho yake asiyaone.

Kwenye nguzo ya karakana palitundikwa boksi la kondomu za bure. Alilitundika nesi wa zahanati ya jirani, mdogo wa mke wa Solusheni, aliyechoka kuona wanaume wa mtaa ule wakipita mlangoni pa zahanati mbio mbio kama kuna mbwa mkali. Watu waliliita boksi la Solusheni, naye jina hilo lilimkaa vizuri masikioni. Na katika wote waliochota humo, alikuwapo mmoja aliyemnyima raha.

Huyo alikuwa Bawaba, seremala wa milango, rafiki yake tangu wote wawili hawajaota ndevu. Bawaba alifiwa na mke zamani, na Jumamosi ile alikuwa anaoa tena, anamwoa fundi cherehani mmoja, mjane naye. Wiki chache nyuma alimvuta Solusheni nyuma ya rundo la matairi akamwambia kwamba mchumba wake anaishi na VVU. Kamwambia mwenyewe, kikombe cha kwanza cha chai hakijapoa. Yeye Bawaba kapima, hana, na anaoa. Alitaka kuendelea, lakini Solusheni alimziba mdomo kwa kiganja.

"Usiniambie zaidi. Nikijua mengi nitaropoka."

"Lakini kuna mambo ya dawa..."

"Bawaba! Yatosha. Siri yako nimeimeza."

Tangu hapo aliibeba ile siri kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Alichoelewa kilikuwa kimoja tu: uhai wa rafiki yake uko ndani ya boksi lile pale nguzoni. Na sasa Redio anasema lina matundu.

"Mimi hainihusu," Redio alikuwa akiendelea. "Nina mfumo wangu. Mwembamba simgusi."

"Na mnene?"

"Mnene ana afya. Si inaonekana?"

"Sasa wewe mwenyewe ufito," alisema Hakimu. "Mwanamke mwenye mfumo kama wako akikuona si atatimua mbio?"

"Mimi nimekonda kwa mawazo. Hiyo ni tofauti."

"Mimi natumia macho," alisema Hakimu. "Maisha yangu yote ya kazi nimetazama washitakiwa. Mtu akiingia mlangoni tu, namjua huyu kaiba, huyu kasingiziwa. Mwanamke nikimtazama hivi, mara moja, jalada limefungwa."

"Na wale walioachiwa wakaenda kuiba tena?"

"Hao aliwatazama jaji."

Redio alimgeukia mwenye karakana. "Na wewe Solusheni? Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Sisi nyumbani tulishapima, majibu safi," alisema Solusheni, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala. "Na hayo mambo ya kutazama watu kwa macho acheni. Mimi nikiletewa tairi, sura yake hainihusu. Kuna tairi limenona, linang'aa, na ndani limetoboka. Tairi halipimwi kwa macho. Linapimwa kwa maji."

Alipolitamka neno hilo la maji, macho yalimwenda kwenye beseni. Kisha akainuka, akaenda kwenye nguzo, akalishusha boksi zima.

Kondomu ya kwanza aliivisha kwenye mdomo wa mashine ya upepo. Ilivimba ikawa kama tikiti, ikapasuka kwa kishindo, na mama mmoja aliyekuwa akipita na mtoto akavuka barabara kabla hajafika.

"Mbovu," alisema Redio. "Kimsingi."

"Upepo ulizidi. Hata tairi la lori lina kipimo chake."

Ya pili aliijaza kwa pampu ya baiskeli, kwa adabu, akaibana shingo kwa vidole viwili, akaizamisha. Vichwa vitatu viliinama juu ya beseni.

"Naona povu."

"Hilo la sabuni."

"Mahakama inaomba izungushwe."

Ilizungushwa. Hapakuwa na povu.

"Haina hatia," alisema Hakimu. "Iachiwe."

Solusheni aliitoa upepo, akaifuta kwa kitambaa chake cha kazini, akainyunyizia poda anayoitumia kwenye tyubu, akaikunja kurudi ilivyokuwa. Pakiti yake ilikwisha kuchanwa, kwa hiyo aliifunga kwenye kipande cha gazeti na juu yake akachora alama ya vema kwa chaki ya njano, ile ile anayoiweka kwenye tairi lililopona. Akachukua ya tatu.

"Kwani leo kuna nini?" aliuliza Redio. "Kiti changu nimekuomba unibandikie ukanda tangu juzi, unasema una kazi."

"Ubora wa huduma," alisema Solusheni.

Alishinda hapo. Mtu wa baiskeli alikuja kuuliza tyubu yake, akaambiwa asubiri, kuna kazi ya dharura. Akachungulia kwenye beseni, akaondoka akikokota baiskeli kwa mkono. Kufika alasiri boksi lote lilikuwa limekaguliwa, na zile zilizopita zilianikwa kwanza juu ya boneti ya gari bovu lililokaa hapo karakanani, juani, zikauke vizuri. Redio alichukua chache, akasema ni za majaribio.

Bawaba alipita jioni, kichwa kimejaa vumbi la mbao. Solusheni alimvuta nyuma ya matairi akamkabidhi bahasha ya kaki.

"Nini hii?"

"Zawadi ya harusi. Nimezikagua mwenyewe, moja moja."

Bawaba alichungulia. Aliona vipande vya gazeti na alama za vema. Akaviangalia vidole vya rafiki yake, vimekunjamana kwa maji kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye karai.

"Umezikagua vipi?"

"Kifundi."

Bawaba aliitia bahasha mfukoni na kumshika bega. "Ahsante, ndugu yangu," alisema. Usiku huo Solusheni alilala usingizi wa mtu aliyetenda jambo.

Jumamosi harusi ikafungwa. Solusheni alivaa koti, akacheza mpaka kiatu kikaachama, na Redio akakishona pale pale ukumbini.

Jumatatu nesi alikuja na begi lake kujaza boksi. Alilifungua, akatoa kifurushi cha gazeti, akakifunua. Akatoa kingine.

"Shemeji," alisema, "hivi ni vitu gani?"

"Hizo zimepita," alisema Solusheni. "Unaona alama ya vema? Zilizofeli nilizitupa. Nyingi zilifeli kwa mashine, lakini kwa pampu zilifanya vizuri sana."

Nesi alivuta tairi akaketi. Hakupiga kelele, na waliomjua walitamani apige.

"Shemeji. Kondomu inapimwa kiwandani, moja moja, kwa mashine ya umeme, ndiyo inafungwa. Ukishaichana pakiti ni ya kuvaliwa hapo hapo, mara moja, inatupwa. Wewe umeijaza upepo."

"Kidogo."

"Umeivuta. Umeitia kwenye beseni lenye grisi. Umeipaka poda. Umeianika juani."

"Zikauke."

"Mpira na grisi, shemeji. Wewe ndiye wa kuambiwa?"

Kila siku ya Mungu Solusheni alikuwa akiwagombeza wenye baiskeli wasiache mafuta ya mnyororo yakagusa tairi, kwa kuwa mafuta yanaozesha mpira. Alilijua hilo kuliko alivyolijua jina la babu yake.

"Nani amezichukua?" aliuliza nesi.

"Mimi sikuchukua," alisema Hakimu haraka. "Mimi natumia macho."

Redio aliinama akaanza kushona kiatu ambacho kilikwisha kushonwa.

"Umetumia?"

"Jana," alisema Redio kwa kiatu. "Ilipasuka. Nikadhani ni ule upepo uliobaki ndani." Akainua macho. "Lakini alikuwa mnene."

"Unene si kipimo. Sikiliza, muda bado unao. Kuna dawa za kinga za dharura, zinaanzwa ndani ya siku tatu, na mapema ndiyo bora. Leo hii unakwenda zahanati, na huyo mwenzio unamwambia aje naye. Umenielewa?"

Solusheni hakuwa anasikiliza. Alikuwa anamwona Bawaba, tangu Jumamosi, yuko nyumbani kwake na bahasha ya kaki, ana imani na kila alama ya vema. Siri ilimpanda kooni, akaimeza, ikapanda tena. Alisimama, akavua aproni, akaivaa, akaivua.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Hakimu.

"Kwa Bawaba."

"Mtu yuko fungate, unakwenda kumfuata nini?"

"Nimeua mtu, Hakimu," alisema Solusheni. "Niachie."

Hakufika mbali. Aliyekuwa akivuka barabara kuja kijiweni alikuwa bibi harusi mwenyewe, futi ya kupimia nguo shingoni, bahasha ya kaki mkononi. Aliwasalimu wote, akaiweka bahasha juu ya benchi.

"Hazijaguswa, shemeji," alimwambia Solusheni. "Mume wangu kaona haya kuzirudisha mwenyewe. Anasema ulishinda umeinama kwenye beseni kwa ajili yake, angeanzaje?"

Solusheni aliketi chini, si kwenye kiti. Machozi yalimtoka, akasema ni harufu ya gundi, ingawa kopo lilikuwa limefungwa.

"Sasa mlifanyaje?" aliuliza, kisha akawatazama wenzake, akashusha sauti mpaka ikawa mnong'ono unaosikika barabara nzima. "Na ile siri?"

"Siri gani?"

"Ile."

"Kwamba naishi na VVU? Shemeji, mimi ndiye ninayezungumza na wagonjwa wapya zahanati kila Jumatano. Mtaa mzima unajua. Mwenye bucha anajua."

"Mimi sijui," alisema Redio, ameumia kweli.

"Wewe unasikiliza redio," alisema nesi.

Bibi harusi alikaa kwenye ukingo wa benchi. "Dawa zangu nameza kila siku, sikosi. Virusi vimefubaa mpaka kipimo hakivioni, na wameendelea kunipima, havionekani. Ukifika hapo na ukabaki hapo, kitandani humwambukizi mwenzio. Mume wangu naye, kwa kuwa ni mtu wa kufunga mlango kwa komeo mbili, kaomba vidonge vya kinga, kapewa. Na kondomu tunazo, za zahanati, kwenye pakiti zake, kabatini, mbali na jua. Haya yote alitaka kukueleza huko nyuma ya matairi. Ukamziba mdomo."

"Nilikuwa nalinda siri."

"Anasema grisi ilimkaa kwenye sharubu mpaka jioni." Aliwatazama watatu hao mmoja mmoja, taratibu, kama anayetafuta pa kukata kitambaa. "Nyumba yangu imekaguliwa, na inakaguliwa. Ninyi je?"

Hakimu aliangalia mbinguni. Redio aliangalia kiatu. Solusheni, ambaye angalau kwa hili alikuwa na la kusema, alijifuta uso.

"Sisi nyumbani tulishapima."

Nesi aligeuka. "Nyie nani?"

"Mimi na dada yako."

"Dada yangu alipima. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilimsindikiza. Nilikuwa nje, nimeshika mkoba."

"Lini hiyo?"

"Alipokuwa na mimba ya kitinda mimba wetu."

"Kitinda mimba yupi? Huyu aliyeoa mwaka jana?"

Solusheni alitafuta kama kuna mwingine. "Huyo huyo," alisema.

Hakuna aliyecheka. Bibi harusi ndiye aliyesema, na alisema kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Shemeji, mteja akikuletea baiskeli, ukapima tairi la mbele likawa zima, la nyuma unamwambia aende nalo tu?"

Solusheni alijua jibu. Kwa jibu hilo hilo aliwahi kumfukuza mteja hapa, akamwita mjinga mbele ya watu.

"La nyuma nalo linapimwa," alisema.

Nesi alifungua begi. "Vipimo ninavyo. Natoboa kidole, robo saa majibu. Tunakwenda huko nyuma ya matairi, hakuna atakayeona. Nani anaanza?"

"Kikao kinaahirishwa," alisema Hakimu, "mpaka tarehe itakayotangazwa." Alikwisha kusimama. Alitembea upesi kuliko alivyotembea tangu astaafu, na bakora yake akaiacha imeegemea kiti.

Redio naye alikusanya sindano zake, akatoka na kiatu kimoja cha mteja mkononi. Walimtazama afike kona. Alisimama pale, akakuna kichwa, akashika njia ya zahanati. Kiredio alikiacha kikiongea peke yake.

Solusheni aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Karakana ilikuwa yake, na hakuwa na pengine pa kukimbilia. Hakuwahi kuwa malaika, wala hakuwahi kumwambia mtu kuwa ni malaika; ni kwamba hakuna aliyepata kumuuliza.

"Naogopa, shemeji," alimwambia nesi. "Kama ipo je?"

"Kama ipo, dawa unaanza leo, na utazeeka na dada yangu mpaka achoke kukuona. Kama haipo, nitakufundisha kufungua pakiti. Na lolote kati ya hayo likitokea, jioni unampeleka dada yangu naye apime, na safari hii mkoba anashika mwenyewe."

Walikwenda nyuma ya matairi. Solusheni alinawa mikono mara mbili, akanyoosha kidole. Nesi akakitoboa, akakamua tone, akakiweka kipimo juu ya tairi la lori. Bibi harusi alikuwa ageuke aende zake kwenye cherehani, lakini hakwenda. Alivuta tairi dogo akaketi kando yake.

"Nitakaa nawe," alisema. "Robo saa hiyo naijua."

Upande wa pili msikilizaji alikuwa amepiga simu tena. "Kimsingi," alisikika akisema, "wananchi wanapaswa kujua..." Solusheni aliinuka, pamba kidoleni, akaenda mpaka kwenye kiti cha Redio, akakizima kile kiredio. Kijiwe kizima kikawa kimya, mpaka maji ya mfereji yakasikika. Akarudi akaketi.

Punde sauti ikaita kutoka mbele. Alikuwa yule mwenye baiskeli, bado anaikokota.

"Fundi! Tairi langu tayari?"

"Bado," alijibu Solusheni, macho kwenye kipimo. "Keti usubiri. Na mimi nasubiri langu."